Aliyeunga ni Riyama

Sijifichi, nina maringo na kazi yangu. Mwanamume akipita Mkunazini baada ya sala ya Ijumaa na kofia niliyoishona mimi, naijua nikiwa upande wa pili wa njia, hata kama yeye mwenyewe hanijui. Viua vyangu vimekaa sawa, hakuna kikubwa hakuna kidogo, na pale ukanda wa pembeni unapokutana na duara la juu huoni mshono hata ukitafuta kwa kidole. Miaka arobaini nashona kofia. Watu wameolea kofia zangu, wameswalia Idi, wengine wamefika nazo Maskati na London. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza jina la aliyeshona. Huulizana wenyewe kwa wenyewe, "Kofia nzuri hiyo, umeipata duka gani?" Duka gani! Utadhani kofia zinaota madukani.

Kwa hiyo Shadya, mtoto wa dada yangu, aliponiletea kazi ya kushona vita vya Wazungu vya karibu miaka elfu moja iliyopita, swali langu la kwanza lilikuwa hilo hilo.

"Na majina yetu yataandikwa?"

"Mama mdogo, hata hujaijua kazi yenyewe!"

"Kazi ntaijua. Nnauliza majina."

Shadya anasomesha historia skuli ya sekondari, na ana subira ya walimu. Akakaa kitako akanieleza. Bwana Abdulhakim, mwenye nyumba ndogo ya maonyesho kule Shangani, alitaka kuwaonyesha watu dunia ilivyokuwa zama msikiti wa Kizimkazi ulipojengwa. Ukuta mmoja wa ukumbi wake ungekuwa na picha za yale maandishi ya kibla yaliyochongwa mwaka mia tano wa Hijra. Ukuta wa pili ungewaonyesha Waingereza wa zama hizo walikuwa katika hali gani. Na hali yenyewe haikuwa nzuri, kwani miaka arobaini tu kabla ya msikiti wetu walikuwa wakikatana kwa mashoka.

Palikuwa na mfalme wa Waanglo-Saksoni, Shadya akasema, jina lake Harold, aliyetawazwa mwanzo wa mwaka 1066. Ng'ambo ya bahari, Normandia, alikuwepo mtawala William, naye akisema ufalme huo aliahidiwa yeye. William akakata misitu, akaunda vyombo, akapakia farasi, akavuka. Harold alikuwa mbali kaskazini, ndio kwanza amemshinda adui mwengine. Akarudi kwa haraka na watu waliochoka, akawapanga juu ya kilima, ngao imegusa ngao. Wanormani wakapanda na farasi wao mara ya kwanza, mara ya pili, ukuta wa ngao haukutikisika. Kisha baadhi yao wakageuka wakakimbia, au wakajifanya wanakimbia. Waingereza wakateremka kuwafukuza, ukuta ukafunguka, na jua lilipotua mfalme alikuwa amekufa na nchi ina mwenyewe mpya.

"Mtu yuko juu, ana ukuta," nikasema, "anateremkia nini?"

"Walidhani washashinda."

"Wajinga."

"Na hadithi yote hiyo, Mama mdogo, ilishonwa kwa sindano. Nyuzi za sufu juu ya kitani, karibu mita sabini. Mpaka leo ipo, imehifadhiwa Ufaransa."

Hapo nikakaa vizuri. Mita sabini! "Nani kashona?"

"Majina hayajulikani. Wataalamu wengi wanaona ni mikono ya Kiingereza, kwa sababu wanawake wa Kiingereza wakisifika kwa kutarizi siku hizo."

Nikamtazama. "Yaani walioshindwa ndio waliomshonea aliyeshinda?"

"Inavyoelekea."

Niliondoka nikaenda kusimama dirishani, maana hasira zilinipanda za ajabu, kwa watu nisiowajua wala kuwahi kuwasikia. Nilimuona moyoni mwanamke mmoja wao. Kafiwa na mume au kaka pale kilimani, kisha analetewa kitani na sufu, anaambiwa mshone huyu wa juu ya farasi, na mshone vizuri, ndiye aliyewaua watu wako. Naye akamshona vizuri. Akaweka na rangi ya hatamu. Jina la farasi labda lipo mahali, jina la mpishi wa William labda lipo, lake yeye hakuna anayelijua. Siku ile ile nikateremka mpaka Shangani nikamwambia Abdulhakim masharti yangu: majina yetu yaandikwe ubaoni kando ya kitambaa, jina la mtu na jina la baba yake. Akakubali kwa kinywa chake, Shadya shahidi.

Tulikuwa wanawake sita. Mkubwa wetu Bi Ummy binti Bakar wa Bububu, aliyenifundisha mimi kushika sindano nikiwa na miaka kumi na mbili na kunipiga vidole nilipokosea. Fathiya binti Tahir wa Amani, fundi wa ngao na fundi wa maneno. Time, Mwanakheir na Maryam, wanaosema kidogo na kushona sana. Na mimi. Tulikaa kwenye ukumbi wangu Kiponda kila siku baada ya sala ya adhuhuri, miezi miwili mizima, vipande saba vya kitani vimetutandaa mapajani. Abdulhakim alikuwa ameshachora kila kipande kwa penseli kutoka kwenye picha za ile ya Ufaransa: vyombo baharini, farasi wakiteremshwa pwani, Wanormani wakila kabla ya vita, farasi wakipanda kilima, ukuta wa ngao, mfalme akianguka, Waingereza wakikimbia. Maneno yake ya Kilatini aliyaacha. Nyuma ya kila kipande akaandika namba.

Fathiya alikataa kushona nyuso. "Siku ya kiyama niambiwe huyu mzungu mtie roho? Simtii. Nipeni ngao." Tukampa ngao zote, na majani, na matandiko ya farasi. Bi Ummy akachukua vyombo. Alipoona kwenye picha kuna farasi wa buluu na mwengine wa kijani alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu aliyeshona," akasema, "ama sufu ilimwishia, ama alikuwa hataki." Nilipenda sana kufikiri kwamba alikuwa hataki.

Macho ya Bi Ummy yalikuwa yakififia tangu mwaka jana. La kushoto lilikwisha kabisa, la kulia akisema anaona kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Vyombo vyake alivishona akiwa amekaa mlangoni penye mwanga, uso karibu ugusane na kitani, na vilitoka vizuri kuliko kazi yetu sote. Tanga zimejaa upepo kweli. Akaniambia siku moja, bila huzuni, "Hii ndiyo ya mwisho, Riyama. Baada ya hii sindano nnaiweka."

Vipande vilipokamilika Shadya hakuwepo, alikuwa bara anasahihisha mitihani. Alinipigia simu kunihimiza nisiunge mpaka arudi. Nisiunge! Mimi, niliyeunga kofia elfu na zaidi! Nikamwambia kamsahihishie mitihani nani sijui, na kuunga niachie mwenyewe. Nikavitandika vipande chini kwa namba zake, cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba, nikaviunga kwa mshono wangu usioonekana. Kisha Bi Ummy akapitisha ndege juu ya kila kiungo, ndege wadogo wawili wawili katika pindo la juu na la chini, akiwashona kwa kupapasa zaidi kuliko kwa kuona. Ilimchukua siku kumi na moja. Alipomaliza alichoma sindano kwenye kimto chake cha sindano, akakifunga, akampa Maryam.

Jumatano tukakipeleka Shangani. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi. Tukakikunjua juu ya sakafu ya ukumbi, urefu wa mita saba, na Abdulhakim akabaki mdomo wazi kwa uzuri wake. Alikuwa bado anasifu ngao za Fathiya, Shadya alipoingia, na begi la safari bado begani. Alisalimia, akatazama kitambaa kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ukumbi, kisha akatia mkono mdomoni.

"Nini?" nikauliza.

"Mama mdogo, umeanzia wapi?"

"Nimeanzia mwanzo. Cha kwanza hicho hapo." Nikamwonyesha vyombo vya Bi Ummy, mkono wa kulia, pale msahafu unapoanzia, pale kila kitabu nilichofundishwa kuheshimu kilipoanzia tangu nilipopelekwa chuoni nikiwa na miaka mitano. Hata halikunipitia wazo kwamba kuna mahali pengine pa kuanzia.

"Wao wameanza kushoto," Shadya akasema kwa sauti ndogo. "Mtu akiingia mlangoni, kitu cha kwanza anaona watu wanakimbia."

Fathiya, ambaye hakujaaliwa kunyamaza, akaenda kusimama upande wa kushoto akaanza kutembea, anasoma kwa kidole. "Hawa wanakimbia. Mfalme kaanguka. Lo, mfalme kasimama! Ngao zimerudi mahali pake. Maadui washateremka kilimani, wanakula. Farasi wako pwani. Na hao," akafika mwisho, "washapanda vyombo, wanakwenda zao." Na kweli. Omo za vyombo vyote, yaani pua zao za mbele, zilielekea kulia, nje ya kitambaa, kama wanaoondoka Uingereza wasirudi tena.

"Afadhali," Bi Ummy akasema kutoka kwenye kiti chake.

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawakumbuka wale wa kilimani walioacha ukuta wao kwa kudhani washashinda, wale niliowaita wajinga. Shadya aliniambia ningoje. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mimi Idi yangu ilikuwa Jumamosi.

Abdulhakim ni mtu muungwana, na alisema kwa uungwana. Kama tunaweza kufumua na kuunga upya kabla ya Jumamosi, vyema. Kama hatuwezi, atakitundika vile vile kwa sababu kazi ni nzuri, ila ule ubao wa majina atauondoa.

"Kwa nini uuondoe?"

"Nakusitirini, Bi Riyama. Watakuja walimu, watakuja wageni wanaoijua ile ya asili. Watauliza nani kakosea. Ntaandika tu: kazi ya akina mama wa Unguja."

Akina mama wa Unguja. Nakwambieni nilihisi moto kutoka nyayo mpaka utosini. Nikapiga magoti chini, nikatoa mkasi mfukoni mwa buibui, nikashika kiungo cha kwanza. Siku tatu zinatosha kufumua viungo sita. Nilikuwa tayari nisile wala nisilale, majina yetu yakae pale. Nikaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi, na hapo ndipo nilipowaona ndege. Wawili juu, wawili chini, mbawa zao zimevuka kiungo kutoka kipande hiki hadi kile. Ningekata mshono wangu ningewakata na wao katikati. Ishirini na nne kwa jumla, na aliyewashona hawezi tena kuwashona.

Bi Ummy alisikia mkasi. "Kata, mwanangu," akasema. "Ndege tu hao."

"Si ndege tu, Bi Ummy."

"Nshasema kata. Jina lako muhimu."

Sikukata. Nililia kidogo, nasema ukweli, kwa sababu kosa lilikuwa langu peke yangu, na yeye alikuwa ananipa macho yake ya mwisho nilifute nayo.

Fathiya akawa ameshapata la kusema. Akamshika Abdulhakim mkono akampeleka ukuta wa pili, penye picha za Kizimkazi. "Bwana, haya maandishi yanaanza wapi?"

"Kulia."

"Mwaka mia tano wa Hijra, wenzetu washaandika kulia. Basi na kitambaa waambie wageni wako waanze kulia. Ndivyo tunavyosoma sisi. Nani kakosea hapo?"

Abdulhakim akatabasamu. Niliona limemkaa, lilikuwa jawabu zuri, na mlango ulikuwa wazi mbele yangu, kilichobaki ni kupita tu. Walimu wangesema, oh, wamefanya makusudi, wanawake hawa wana fikra. Ningesifiwa. Lakini mimi nimeshapiga wanafunzi vidole, kama nilivyopigwa, kwa kusema uongo juu ya mshono. Kofia ukiikosea husemi ndio mtindo.

"Hapana," nikasema. Nikainuka, nikapangusa magoti. "Hatukukusudia. Nimekosea mimi. Niliambiwa ningoje, sikungoja. Abdulhakim mwanangu, chukua kalamu."

"Niandike nini?"

"Andika majina yote sita na kazi ya kila mmoja. Kisha andika: vipande vimeungwa na Riyama binti Khelef, kutoka kulia, na kosa ni lake."

"Bi Riyama, hujui watu? Watakucheka."

"Wanicheke kwa jina. Miaka arobaini nasifiwa bila jina. Wale wa Uingereza walishona mita sabini, na hakuna anayejua hata nani kati yao alishona kwa kiburi na nani kwa kulia. Mimi ukitundika kazi yangu, uzuri wangu uutundike na kosa langu ulitundike, na chini yake niwe nimo mimi. Hutaki, tunakunja tunakwenda nacho. Fathiya, shika ncha ile."

Fathiya akashika. Time na Mwanakheir wakashika katikati bila kuambiwa. Tulikuwa tushakunja mita moja na nusu, ngao zimeanza kupotea ndani ya mkunjo, Abdulhakim alipouliza, "Khelef ni kwa k-h au kwa h?"

Nikamwambia. Akaandika. Akanisomea nilichosema, neno kwa neno, na nikamwomba aongeze mstari mmoja wa mwisho, kwamba walioshona ile ya kwanza majina yao hatuyajui na tungependa kuyajua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tukakikunjua tena.

Jumamosi baada ya alasiri ukumbi ulijaa. Walikuja walimu, wakaja wageni, wakaja wanafunzi wa Shadya na mitandio yao myeupe, wakaja na wauza kofia wawili wa Darajani ambao wamekuwa wakiuza kazi yangu miaka yote hiyo. Nikasimama kando ya kitambaa, nimevaa kanga mpya chini ya buibui, na kila aliyecheka nilimtazama usoni mpaka akamaliza. Waliocheka walikuwa wachache. Mzee mmoja alikitembea kutoka kushoto, akafika kwenye vyombo, akasema, "Hawa wamefukuzwa vizuri." Msichana mmoja akaniuliza kama ni mimi Riyama. Nikamwambia ndimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo juu ya kazi, na jibu langu lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Bi Ummy tulimweka kwenye kiti mbele kabisa, karibu na ubao, ingawa ubao wenyewe alikuwa haoni. Akamvuta Shadya mkono. "Nisomee," akasema. "Pole pole, na useme kwa nguvu, masikio yangu mazima lakini watu wengi."

Shadya akageukia watu, akasoma kama anavyosoma majina darasani asubuhi. Fathiya binti Tahir, ngao na matandiko. Time binti Ubwa, farasi. Mwanakheir binti Amjad, kilima na watu wa kilimani. Maryam binti Makame, chakula na pwani. Aliyeunga ni Riyama binti Khelef, kutoka kulia, na kosa ni lake. Watu wakaniangalia, nikawaangalia.

"Ummy binti Bakar," Shadya akasoma, "vyombo, na ndege wote."

Bi Ummy akashika mkono wa kiti, akainuka, akasimama wima mbele ya ukumbi mzima. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Naam," akaitika.